Mnara wa baba na viazi vya mama

Mama alinipigia simu Jumatano jioni. Hata salamu hakunipa, jambo ambalo si kawaida yake.

"Njoo Mbeya uongee na baba yako. Amefukia waya kwenye viazi vyangu tena."

Nilikuwa Iringa, nikimalizia habari kuhusu vifo vya wajawazito. Jumamosi alfajiri nilipanda basi, tukapita Mafinga, Makambako na Chimala, na mchana nikashuka Uyole. Kabla sijaiona nyumba, niliuona mnara. Ni mabomba ya chuma yaliyounganishwa hadi kufika mita 18 hivi, yakishikiliwa na kamba za waya pande tatu. Jirani mmoja aliwahi kumuuliza mama kampuni ya simu inawalipa kodi kiasi gani.

Baba ni fundi mstaafu. Kwa zaidi ya miaka 20 alitunza jenereta, pampu za maji na redio za upepo za hospitali moja ya misheni mkoani Iringa, enzi ambazo Njombe na Makete bado zilikuwa ndani ya mkoa huo. Wasomaji wa umri wangu huenda hawazikumbuki redio hizo. Kabla simu za mkononi hazijafika, zahanati ya mlimani ilikuwa na redio moja, betri ya gari na waya uliofungwa kati ya miti miwili. Asubuhi na jioni hospitali iliita zahanati zake moja baada ya nyingine. Madaktari Warukao wa Amref, walioanza kazi mwaka 1957, nao walikuwa na mtandao wa namna hiyo kutoka Nairobi. Mawimbi yalirushwa juu angani, yakarudi chini upande wa pili wa mlima. Ndiyo maana milima haikuwa kizuizi.

Alipostaafu, baba aliomba leseni ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), akapewa jina la kuitia linaloanza na 5H, alama ya Tanzania. Usiku anazungumza na watu wa nchi za mbali asiowajua. Mama anasema angalau angekuwa anazungumza hivyo mezani.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa waya. Nilimkuta baba amepiga magoti chini ya mnara, nikamwamkia, naye akanionyesha kabla sijauliza.

"Mnara wenyewe ndio antena," alisema. "Wimbi la mita 80, ukilitaka wima, linahitaji robo yake, kama mita 20. Mimi nimepungukiwa kidogo tu, na vile vyuma vya juu vinafidia."

Kitako cha mnara kimeungwa moja kwa moja na ardhi kwa sababu ya radi, hivyo hawezi kuingiza umeme wa redio pale chini. Badala yake ameshusha waya sambamba na mnara, umbali wa mkono mmoja. Juu umeungwa na mnara wenyewe, na chini unaingia kwenye kiboksi cha plastiki chenye kapasita. Kutoka hapo ndipo kebo inakwenda hadi kwenye redio, sebuleni.

"Na viazi vya mama?"

"Nusu ya antena iko ardhini, mwanangu. Bila waya za chini, nguvu yote inaishia kupasha udongo moto."

Waya hizo ni 32, za shaba, kila moja mita 15, zimetawanyika kuzunguka mnara kama njiti za mwavuli. Mama ameshazipigia hesabu kwa mifuko ya mbolea. Pia amezikata mara tatu kwa jembe, na mara ya tatu sina hakika kama ilikuwa bahati mbaya.

Baba alinipa kazi ya kuangalia mshale wa kipimo. Redio inataka mzigo wa omu 50, alieleza. Ikikuta tofauti, sehemu ya nguvu inayotumwa hukataliwa na kurudi ilikotoka. Alizungusha kapasita taratibu, nami nikawa nasoma. Tatu. Mbili na nusu. Moja na nusu. Mshale ukakaribia moja, akaacha.

Kisha akafunga kiungo cha kebo. Alipaka grisi, akazungusha tepu ya mpira, akazungusha tepu nyingine juu yake, halafu akavalisha kipande cha chupa ya plastiki na kukikaza kwa waya. Alitumia karibu nusu saa.

"Baba, unafunga kama kidonda."

Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo, akaniuliza ile habari niliyokuwa ninaandika imefikia wapi. Nilipomweleza, akaanza kusimulia.

Ilikuwa mwanzoni mwa 1998, wakati wa mvua za El Nino. Mimi nilikuwa mtoto wa mwaka mmoja. Barabara zilikatika, hivyo hospitali iliacha redio wazi usiku kucha, na usiku mmoja zamu ilikuwa ya baba. Aliita zahanati zote. Moja, ya mbali kabisa, haikujibu.

"Nikawaambia wenzake, huyo betri imekufa, tutamtafuta kesho."

Betri ilikuwa nzima. Maji yalikuwa yameingia kwenye kiungo cha antena. Muuguzi alikuwa peke yake na mama aliyejifungua anayevuja damu, akiita na kuita, na nguvu yote ikimrudia kwenye redio yake.

"Yeye alitusikia vizuri," baba alisema. "Kusikia ni rahisi, hata waya mbovu unasikia. Kusikika ndiyo kazi. Alinisikia nikisema betri yake imekufa."

Yule mama alifariki kabla ya kupambazuka. Taarifa ilifika hospitalini baada ya siku mbili, kwa miguu.

Nilimuuliza kama gari lingeweza kufika. Akasema hapana, lakini daktari angemwelekeza muuguzi kwa redio. Kisha akasema lililokuwa limemkaa kooni.

"Novemba nilikwenda kule. Nilikiona kile kiungo, tepu imepasuka. Nikasema nitarudi mvua zikiisha."

Hakuna aliyemlaumu. Hakuna aliyejua. Hata mama hakujua, hadi nilipomsimulia jikoni usiku ule kwa ruhusa ya baba. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya vitatu au vinne, kisha akasema, "Basi si angeniambia waya zimepita wapi."

Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, niliwakuta wote wawili bustanini. Baba anatembea na fungu la vijiti, mama anavichomeka alikoonyeshwa. Walikuwa wanabishana kuhusu mstari wa saba.

Leo kuna m-mama, mfumo wa taifa wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, na namba yake, 115, hupigwa bure. Nimeuandika kwa furaha zaidi ya mara moja. Lakini tangu safari ile, nikifika zahanati yoyote siulizi tena kama wana simu. Ninauliza ni lini mara ya mwisho waliijaribu, na nani alipokea upande wa pili. Kuna muuguzi aliyeniangalia, akatoa simu mfukoni, akapiga palepale. Ilichukua muda. Tulisimama wote wawili tukisubiri sauti ya mtu.