Mpira wa Breki



Huko uliko wewe, Tanga au Mombasa au Unguja, barabara nyingi ni tambarare, na gari lenye breki mbovu huenda likakustahi siku mbili tatu. Huku Nkunga, wilaya ya Rungwe, nilikoletwa na kazi ya kusomesha watoto, hakuna tambarare. Ukitoka nyumbani ama unapanda ama unateremka. Kutoka Tukuyu mpaka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, mtu hushuka zaidi ya mita 1,000, na barabarani muna malori ya mizigo na wanafunzi na akina mama wenye ndizi kichwani. Tena mvua haina msimu wa kupumzika. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka.

Nina gari moja kuukuu, Toyota Corolla. Siku moja nilikuwa natoka Kiwira, likawa linavutia kushoto bila ya mimi kukanyaga breki. Niliposhuka, gurudumu la mbele kushoto lilikuwa la moto kama chuma cha pasi, na harufu ya kuungua inatoka. Nikajua kalipa imekwama.

Kalipa, kwa asiyeijua, ni kile chuma kizito kinachokumbatia sahani ya breki. Ndani yake muna pistoni, kipande cha chuma mviringo kama kikombe. Neno pistoni lisikutishe ukadhani ni jambo la Wazungu peke yao: al-Jazari alieleza pampu ya maji yenye pistoni mbili katika kitabu alichokimaliza mwaka 1206. Ukikanyaga breki, mafuta huisukuma pistoni, nayo husukuma pedi zibane sahani. Ukiachia, nani huirudisha pistoni nyuma? Hapana springi. Hurudishwa na mpira mmoja mwembamba, mafundi huuita sili, uliolala katika mfereji wake ndani ya kalipa. Pistoni ikisogea mbele, mpira hujipinda nayo. Mguu ukiondoka, mpira hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kiasi kisichofika nusu ya milimita. Huo ndio umbali baina ya gurudumu linalozunguka na gurudumu linaloungua. Na mpira huo huo ndio unaozuia mafuta yasimwagike.

Adui wa haya yote ni maji. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewani. Ya daraja ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka moto upindukie digrii 205. Yakishakunywa maji, digrii 140 huenda zikatosha. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hukubali kubanwa: unakanyaga, mguu unazama, gari linakwenda. Maji hayo hayo ndiyo yanayotia kutu pistoni ikakwama.

Basi nikaazimia kuifanya kazi mwenyewe, uani, pamoja na kijana wangu mmoja wa chuoni. Msinicheke. Nilipokuwa mdogo, nikitoka chuoni nilikuwa nikienda kushika spana katika gereji ya malori. Nilinunua sili mpya mbili na vifuniko vyake vya vumbi, moja ya kila upande, kwa kuwa breki hutengenezwa pande zote mbili hata kama unaougua ni mmoja. Tukatia magogo nyuma ya magurudumu, tukapiga jeki, tukaweka egemeo chini ya gari, maana jeki si kitu cha kumwamini mtu akaingiza kichwa chake. Kijana akakanyaga breki polepole, pistoni ikatoka, nikaipokea kwa kipande cha ubao. Ndani tuliosha kwa spiriti. Petroli na mafuta ya taa nilimkataza, kwa sababu huvimbisha mpira ukaharibika, ingawa mafundi wengi wanayatumia. Pistoni ya kushoto ilikuwa na kutu juu juu tu, haikuchimbika. Ingelikuwa na vishimo ningeitupa. Nikaipaka sili mafuta mapya ya breki, nikaiingiza kwa kidole.

Kulia ndiko nilikoteleza. Jua lilikuwa linakuchwa, mvua inakuja, mikono imeingia baridi. Mpira ukagoma kukaa katika mfereji wake. Badala ya kidole nikashika bisibisi. Ukachanika.

Duka la spea liko Tukuyu, nalo lilikwisha fungwa. Nikautazama mpira wa zamani, nikaupinda, nikauona laini. Lazima nikwambie kilichonipitia kichwani, maana ndipo penye habari yenyewe. Mimi ni mtu niliyekulia shidani. Mapema miaka ya 1980, spea zilipokuwa adimu nchini, nilimwona dereva kwa macho yangu akitia maji ya sabuni penye mafuta ya breki, akaendesha, na sisi tukamsifu kwa werevu. Mazoea yale hayajanitoka. Nikaurudisha mpira wa zamani. Tukafunga, tukatoa upepo, yeye anakanyaga na mimi nafungua na kufunga, mpaka mafuta yakatoka bila povu. Breki ikawa ngumu chini ya mguu, nzuri kabisa. Kijana alinitazama asiseme kitu. Baada ya Isha jirani yangu akauliza habari ya gari, nikamjibu kwa majivuno, "Limepona."

Alfajiri akanigongea mlango. "Mwalimu, mke wangu ameshikwa na uchungu. Tusaidie tufike Tukuyu."

Ndugu msomaji, ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Ningeendesha, yumkini tungefika. Lakini mimi nilijua kilichomo ndani ya gurudumu la kulia, na yule mama hakujua. Nikasema, "Gari halifai."

"Si jana umesema limepona?"

"Nilisema uongo." Nikamweleza mpira uliochanika. Alinitazama kama mtu anayemwona bahili akitafuta udhuru, akaondoka mbio bila ya kuaga. Nilimfuata nikasimama naye njiani mvuani mpaka likaja gari dogo la mizigo la mtu wa ndizi, likawachukua. Alhamdulillahi, alijifungua salama mtoto wa kike.

Siku ile ile nilikwenda Tukuyu kwa pikipiki, nikanunua sili mbili, moja ya akiba. Nilipofungua upande wa kulia niliukuta mpira wa zamani mzima, na haukuvuja hata tone. Jirani alipokuja nikamwonyesha.

Akauliza, "Kwa hiyo tungefika?"

Nikamjibu, "Sijui." Na mpaka leo sijui. Alinyamaza, na kwa wiki kadhaa salamu zake zilikuwa fupi. Sikumlaumu. Kijana wangu wa chuoni naye nilimwambia kuwa kunyamaza kwake jioni ile sikukupenda, na siku nyingine aseme, hata kama mwenye kukosea ni mwalimu wake. Akanijibu kwamba alikuwa akingoja niseme mimi.

Mpira ule nimeufunga kwenye ufunguo wa gari. Mtoto alipotimiza mwezi mmoja na siku kadha, mama yake aliniomba nimpeleke kliniki. Alisimama nje ya mlango wa gari, mtoto mgongoni, haingii.

"Baba, mpira ni mpya?"

Nikamwambia ni mpya pande zote mbili, na wa zamani ni huu. Akaupokea, akauvuta kwa vidole viwili, akaunusa, akanirudishia. Kisha akaingia.