Jenereta la Baba na Dhana Zetu

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia pale Nkwenda shamba la migomba na mibuni, duka moja, na jenereta kuukuu la dizeli. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe. Wilaya mpya ilizaliwa mwaka 2012. Mkoa wa Kagera ulikuwa ukiletewa umeme kutoka Uganda, nasi tulioishi karibu na mpaka huo huo tulikaa gizani. Hivyo jenereta lile lilikuwa na heshima yake. Liliwasha taa za nyumba nne na duka, lilichaji simu za majirani kwa malipo, na watoto walisomea mwanga wake baada ya Isha.

Lilikuwa na silinda moja na magurudumu mawili mazito, na liliwashwa kwa hendeli. Mwenye kazi hiyo alikuwa mpwa wetu, mwana wa dada yetu, aliyefiwa na baba angali mchanga. Alikwisha timiza miaka 17. Kisheria uyatima ulimwondokea alipobaleghe, ingawa sisi wajomba zake tuliendelea kumwita yatima kila tulipotaka kusifiwa kwa kumlea.

Katika masika ya mwaka mmoja jenereta likaanza kuzima. Liliwaka vizuri, likaunguruma kwa kiasi cha dakika arobaini, kisha taa zikafifia, zikang'aa, zikafifia tena, na giza likaingia. Kijana aliingia bandani na tochi, akafungua tangi, akapima mafuta kwa kijiti, akazungusha hendeli, nalo likawaka kama halijapata kuugua. Baada ya muda likazima tena.

Tulimwita fundi. Akafungua chujio la dizeli, akalisafisha, akatoa upepo katika mabomba, akaangalia oili, na jenereta likafanya kazi mbele yake. Alipokwisha ondoka na ujira wake, likazima. Fundi wa pili alisema pampu imechoka, akataja bei ambayo ingetulazimu kuuza kahawa ikiwa bado mtini.

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipobadilika. Tuliona kwamba jenereta huzima upesi zaidi siku ile ile kijana anapoleta dizeli mpya na kujaza tangi. Mafuta ya siku tatu nyuma yalidumu, mafuta ya leo hayakudumu. Nani aliyeyanunua? Nani aliyebeba dumu? Katika miaka ile kuchanganya mafuta ya taa na dizeli ulikuwa ugonjwa wa nchi nzima, hata mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo iondoke. Tulitia dizeli katika chupa nyeupe tukailaza usiku kucha tuone kama maji yatatuama chini. Hayakutuama. Badala ya kumwondolea kijana shaka, tulisema: basi ni mafuta ya taa.

Hatukumwuliza. Tulianza kukata sehemu ya posho yake kila juma, tukiita fidia, na tukampa mwingine kazi ya kununua mafuta. Kijana alielewa. Asubuhi moja alimuaga mama yetu, akaenda kwa baba zake wadogo huko Kaisho. Mama alituambia neno moja tu, kwamba Suratul Hujurat tunaihifadhi wote, kisha akarudi jikoni.

Kijana aliondoka, na jenereta likaendelea kuzima.

Mzee mmoja fundi wa mashine za kusaga, kutoka Omurushaka, alikuja kwa shughuli zake nasi tukamsihi. Huyu hakushika spana. Aliomba kigoda, akaketi bandani, akasema liwashwe na mtu yeyote asiguse kitu. Alinywa kahawa yake akisubiri. Lilipokufa alitueleza kuwa injini husema inavyokufa. Ikikata ghafla, tazama kinachoifunga au kinachoikwamisha. Ikitoa moshi mweusi na kulemewa, punguza mzigo. Ikipanda na kushuka kama mtu anayetafuta pumzi, inakosa mafuta hata kama tangi limejaa.

Kisha akanyoosha kidole juu ya tangi. Mfuniko wa asili ulikuwa umepotea, na kwa kuwa bati la banda lilivuja, mahali pake palikuwa na nailoni nzito iliyofungwa kwa mpira wa tyubu. Nailoni ilikuwa imebonyea ndani kama bakuli. Mzee akalegeza mpira, tukasikia hewa ikiingia, fyuu, na nailoni ikarudi kuwa bapa.

"Nani aliyefunga hii?"

Tuliifunga sisi. Mkubwa wetu aliikata, wengine tukashika tochi.

Tangi linalotoa mafuta lazima liingize hewa. Ndiyo sababu wauza mafuta ya kula hutoboa kopo matundu mawili, na ndiyo sababu mfuniko wa tangi huwa na kitundu kidogo. Tangi letu halikuwa na pa kupumulia. Likiwa limejaa, nafasi ya hewa ni ndogo, kwa hiyo mvuto huzidi upesi na mafuta hugoma mapema. Hiyo ndiyo siri ya dizeli mpya iliyotufanya tumwone kijana mwizi. Na kila tulipofungua tangi kukagua kama ameiba, sisi au mafundi wetu, tuliliponya kwa dakika nyingine arobaini.

Mzee alikataa ujira. Alitoboa kitundu katika mfuniko wa kopo, akaufunga juu ya tangi, na juu yake akainamisha kopo tupu la kuzuia mvua.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Kaisho, ndugu wote, tukiwa na hesabu ya majuma yote tuliyomkata. Baba zake wadogo walitupokea kwa adabu iliyotuumiza kuliko matusi. Tulisema mbele yao tulilomdhania, na kwamba halikuwa kweli, na tukamwomba atusamehe. Alisema ametusamehe. Tulipomwomba arudi Nkwenda alijibu kwamba atakuja kumwona bibi yake siku ya Idi.

Fedha alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu mbele yetu, kisha akazihesabu tena.