Mchezaji aliyekimbia peke yake

Wiki hii nina jambo la nyumbani kwangu, na mimi ndiye niliyekosa.

Kijana wangu wa miaka 12 ana PSP ya zamani, ile aina ya kwanza iliyotoka Japani mwaka 2004. Mjomba wake alimletea ikiwa imekwisha kutumika. Mwezi uliopita akaanza kulalamika: "Mama, mchezaji wangu anakimbia kushoto peke yake." Alikuwa amefungwa mabao matano, nikaona anatafuta sababu. Nikamwita mwongo mbele ya wadogo zake, na PSP nikaifungia kabatini.

Wiki mbili baadaye mfuko ulikauka (mishahara ya walimu mnaijua), nikaamua kuiuza. Nikampelekea mwalimu mwenzangu masomoni, nikaanzisha mechi, nikaiweka juu ya meza ili aone. Hakuna aliyeigusa. Mchezaji akakimbia kushoto mpaka kwenye mstari.

Mwenzangu akaniuliza pole pole: "Mama, hiki ndicho unataka kuniuzia?"

Jumamosi nikashuka Kadutu pamoja na kijana wangu, kwa fundi wa simu. Alitaka dola 10, nilikuwa na 3. Akakubali kutuonyesha, mikono iwe yetu.

Kile kidude tunachosukuma kwa kidole gumba cha kushoto hupeleka habari mbili: juu au chini, kushoto au kulia. Katika PSP ya aina hii, habari hupita kwenye kipande kidogo cha mpira kinachopitisha umeme, kati ya kidude na plaki ya ndani. Uchafu ukikaa hapo, habari inafika ikiwa imepotoka, na mashine inaamini kwamba mtu anasukuma.

Tulizima, tukatoa batri kwanza. Visi ni vidogo kama mbegu za lengalenga. Tuliziweka kwenye sahani nyeupe, mbali na watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni. Kijana akafungua, akapangusa mpira na sehemu unapogusa plaki kwa kijiti cha masikio chenye alkoli kidogo sana. Maji hapana. Tukaacha ikauke kabisa kabla ya kurudisha. Fundi alituonya kwamba kidude kikiwa kimelika chenyewe, kusafisha hakutasaidia, ni kukibadilisha tu.

Tukawasha. Akaiweka juu ya meza ya fundi, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Tukatazama. Mchezaji akasimama palepale.

Kijana hakufurahi kama nilivyotarajia. Njiani, tukipanda, akaniuliza: "Mama, na wadogo utawaambia?"

Diploma yangu ya ISP haikunifundisha jibu la hapo. Jioni, bugali ikiwa mezani na sambaza zikiwa bado moto, nikawaita wote, mpaka yule wa miaka minne, nikawaambia kaka yao alisema kweli na mama yao ndiye alikosa. Mdogo akauliza kama sasa mimi pia nitafungiwa kabatini.