Biki Nyekundu Kutoka Shabunda

Jumanne usiku simu ililia Brussels, ikaleta picha kutoka Shabunda: kurasa mbili zilizochapwa, zimepigwa mistari ya biki nyekundu toka juu hadi chini. Mwishoni, ndani ya duara, 11/20. Msahihishaji ni mwalimu mstaafu wa miaka sabini na kitu. Aliyesahihishwa ni binti yake, mama wa watoto watatu, ambaye wiki hiyohiyo alikuwa anamaliza mafunzo ya jioni ya kusahihisha maandishi ya watu wengine.

Alicheka hadi watoto wakatoka chumbani. Kisha akakasirika.

Mzee alikuwa amepokea kazi hiyo kwenye simu, akaipeleka kibandani penye sola na mashini ya kuchapa, akalipa, akarudi kukaa na biki yake. Heri mtandao. Kwa barabara ya Bukavu, karatasi zingefika wajukuu wakiwa wameshaoa.

Darasani Brussels, biki nyekundu hairuhusiwi. Kila mwanafunzi hupewa prufu yenye pambizo pana, penseli na rula ya kuweka chini ya mstari ili jicho lisikimbie. Hufundishwa kusoma ukurasa kuanzia neno la mwisho kurudi nyuma, maana ukifuata maana utayapita makosa. Kuna alama ya kufuta iitwayo deleatur, yenye kitanzi kama herufi d iliyolewa. Ni Kilatini, yaani “ifutwe”. Sentensi ya mtu haivunjwi: pambizoni unaandika swali, mwenyewe anajibu. Siku ya mwisho anatia sahihi pale penye bon à tirer, na kosa lolote litakalobaki ni lake.

Adabu hiyo ilimvutia sana binti wa Shabunda. Nyumbani nani aliwahi kuulizwa? Dictée, kosa, alama imekatwa, kaa chini. Dissertation ya Examen d’État, mtihani wa kumaliza sekondari, ndiyo usiseme. Ukifika kwenye TFC, kazi ya kumalizia masomo ya chuo, profesa anachora X ukurasa mzima bila neno, nawe unabaki kuipigia ramli.

Kinachochekesha ni kwamba sheria zenyewe zilitoka hukohuko Ubelgiji. Maurice Grevisse, mtoto wa mhunzi, alianza na maelezo aliyowaandalia wanafunzi wake, na mwaka 1936 mchapishaji Duculot wa Gembloux akayatoa kama kitabu, Le Bon Usage. Nakala ya mzee huko Shabunda imeshonwa uzi mgongoni. Sarufi ilivuka bahari. Penseli na swali la pambizoni vikasahaulika bandarini.

Lakini hapo hoja ya binti inaanza kuchechemea, maana anakumbuka Bukavu, vile vibanda vya Nyawera vyenye kibao cha secrétariat public. Mwanafunzi anasimama nyuma ya mpigaji mashini, anamsomea mswada. Mpigaji anasita: “Hii sentensi inakosa kichwa.” Mwanafunzi anabisha. Anayengoja fotokopi anaingilia, na mama aliyeleta kitambulisho naye ana neno. Umeme ukikatika, ubishi unaendelea gizani. Huo nao si uhariri?

Hata wasomi wa Ulaya walilazimika kuja kwenye sikio. Mwaka 1965, huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika historia ya mji kama walivyoijua watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha hukohuko, maneno mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa katikati. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipotaka kuitoa kama kitabu, jicho lilikwama. Ilibidi msaidizi wake, Kalundi Mango, aisome kwa sauti ndipo maandishi yakafunguka. Kitabu kilitoka mwaka 1990. Mrega yeyote angewaambia mapema: kwenye mutanga, kamba ya methali, kila kitu kilichotundikwa kina methali yake, lakini kamba yenyewe haina mdomo. Lazima awepo wa kusema, na wa kusikia.

Turudi kwenye 11/20. Kurasa zile ni maelezo kwa wazazi: mtoto akiwa na homa na kuhara, mfanyeje. Binti aliacha makusudi “mtoto iko na homa”, kwa kuwa wasomaji ni akina mama wa Bukavu na Uvira. Mzee aliifuta, akaandika “ana”, na pembeni: Lugha ya sokoni!

Akapiga simu. “Papa, usinisahihishe. Nisomee kwa sauti.”

Mzee akakohoa, akasoma kama anayesomea darasa la sita. Alipofika ukurasa wa pili, sauti ya mama ikatokea jikoni: “Chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko sita. Na maji je? Kiasi gani?”

Kimya. Lita moja haikuwamo. Penseli ya Brussels ilipita hapo mara mbili, na biki ya Shabunda ilikuwa imeweka koma safi palepale.

Binti akaiongeza, akaomba alama zihesabiwe upya. Mzee akakataa: kosa limeonwa na mama yako, na yeye si mtahiniwa.