Mjusi Kafiri wa Bandarini

Jioni moja tuliwapeleka wanafunzi wetu katika Bandari ya Bujumbura wajifunze msamiati wa kazi za majini: gati, shehena, nanga, kuli. Giza lilipoingia na taa kuwashwa, mijusi kafiri wakajitokeza ukutani kuwinda wadudu. Nasi tukanena kwa uhakika wa mwalimu: "Mnyama huyu ni mgeni. Kaja na meli kutoka Asia."

Mwanafunzi mmoja, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, mgeni hukaa miaka mingapi ndipo aitwe mwenyeji?" Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Hatukuwa na jibu.

Usiku ule tulirudi vitabuni, na haya ikatushika. Ni kweli yuko mjusi wa Asia aliyesafiri na meli hata akafika pwani ya Afrika Mashariki. Lakini huyu wetu, ambaye wataalamu humwita Hemidactylus mabouia, asili yake ni bara hili hili la Afrika. Ugenini kwake ni kwingine: visiwa vya Karibi, Brazili, hata Florida. Hudhaniwa kuwa alivushwa bahari na merikebu, zikiwemo zile za watumwa. Hutaga mayai mawili yenye ganda gumu katika nyufa, na yai lililojificha ndani ya shehena halidaiwi nauli. Moreau de Jonnès alimpa jina la kitaalamu mwaka 1818 akiwa amemkuta huko Antili. Na neno hilo mabouia kwa wenyeji wa huko maana yake ni pepo mbaya.

Basi ng'ambo aliitwa pepo. Nasi Waswahili twamwita kafiri, kwa masimulizi kwamba aliupuliza moto aliotiwa Nabii Ibrahimu. Maskini, hana sumu, na chakula chake ni mbu na nondo.

Kesho yake tulikiri kosa letu mbele ya darasa, tukamwomba radhi mwanafunzi yule. Tukawakumbusha wote kwamba Kiswahili chenyewe kilifika mji huu kwa misafara na mashua, na leo katika mtaa wa Buyenzi ni lugha ya nyumbani. Kisha tukamjibu swali lake kwa methali ya wazee: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyekwisha kushika jembe, mwanangu, haulizwi tena alikuja na chombo gani.