Hewa Iliyoubana Moyo wa Mwanetu

Tulikwenda Mkula, mkoani Simiyu, kuwasalimia wakwe zangu. Ujauzito ulikuwa na wiki 31 na tulipanga kukaa siku tatu tu, tupumzike na pilikapilika za ofisi. Usiku wa pili chupa ikapasuka. Mtoto akazaliwa njiti, anakoroma kila akivuta pumzi. Tukapewa rufaa ya Bugando, Mwanza. Magu tuliipita hata sikuiona.

Mapafu yake yalikuwa machanga, akawekewa mashine ya kumsaidia kupumua. Siku ya tatu mke wangu alitoka kumpelekea maziwa, akaniambia, "Mume wangu, mtoto amebadilika rangi."

"Acha wasiwasi, umechoka tu," nikamjibu. Jamani, sisi wanaume!

Hakubishana na mimi. Alimfuata nesi. Mapigo ya moyo, ambayo kwa kichanga huwa kati ya 120 na 160 kwa dakika, yalishafika 80. Miguu ya baridi, midomo ya bluu. Daktari alipomsikiliza kifuani, moyo ulisikika kwa mbali sana. Picha ya eksirei ikaonyesha duara jeusi limeuzunguka moyo pande zote, hadi chini yake.

Lile duara lilikuwa hewa. Mapafu machanga yakisukumwa na presha ya mashine, vifuko vyake vidogo vinaweza kupasuka, hewa ikapenya hadi kwenye mfuko unaoufunika moyo. Ikijaa humo, moyo unakosa nafasi ya kutanuka na kupokea damu. "Moyo wenyewe ni mzima," alisema daktari, "ila umebanwa."

Aliingiza sindano chini kidogo ya mfupa wa katikati ya kifua, akaivuta ile hewa taratibu. Mimi niligeukia ukutani. Mke wangu aliangalia mpaka mwisho, na ndiye aliyeniambia midomo imerudi rangi. Kisha ukaachwa mpira mwembamba, maana hewa inaweza kujaa tena.

Si kila mtoto huchomwa sindano. Ambaye mapigo na presha yake viko sawa anaweza kuangaliwa kwa karibu tu, hewa ikanywewa na mwili wenyewe. Hata mtoto mkubwa inaweza kumpata, akigongwa kifuani au akibanwa vibaya na pumu. Akilalamika kifua kinauma na pumzi haitoshi, mkimbize hospitali. Habari za kumchanja chale achana nazo.

Lakini mimi na mwenzangu hatukusemeshana siku mbili. Siku ya tatu, tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, akasema polepole, "Ningekusikiliza wewe, leo tungekuwa tunazika." Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha palepale, watu wanatuangalia.

Siku hizi akinigusa saa nane za usiku na kusema, "Hebu mwangalie mtoto," siulizi kwa nini. Nawasha taa.