Hatua Zisizo Zetu



Mwaka uliopita, huku Kitui tunakosomesha, daktari alitwambia kwamba sukari yetu imepanda na kwamba dawa peke yake hazitatosha, sharti tutembee. Kaka yetu mkubwa, Mola amrehemu, aliambiwa maneno hayo hayo akayapuuza, akakatwa mguu kabla hajafariki. Binti yetu aliyeolewa Mombasa hakungoja: alitutumia kwa basi saa ya mazoezi, ile ihesabuyo hatua na mapigo ya moyo.

Kuitayarisha kulituchukua jioni nzima. Kwanza huchajiwa mpaka ijae, kisha huunganishwa na simu kwa programu yake, nayo huuliza umri, urefu, uzito na mkono utakaoivaa. Kwenye uzito tulitaka kupunguza kilo sita. Mke wetu akacheka: "Sheikh wangu, hata mashine waitaka ikuone kijana?" Tukaandika kweli, kwani saa hukisia nguvu itumikayo kwa kufuata majibu hayo.

Chini yake mna taa ya kijani. Damu hufyonza mwanga huo. Kila moyo upigapo, damu huzidi mkononi na mwanga urudio hupungua, na hivyo ndivyo mapigo yanavyohesabiwa. Kwa hiyo huvaliwa upana wa kidole juu ya kifundo, isibane wala isicheze. Jasho na vumbi jekundu la huku huoshwa kwa maji matamu, nayo hukaushwa vyema kabla ya kuchajiwa. Wakati wa udhu tunaivua, ili maji yafike ngozini bila shaka. Tukiingia msikitini tunanyamazisha mlio na mtetemo wake.

Wengi hudhani hatua 10,000 ni amri ya matabibu. Asili yake ni kifaa cha Kijapani cha mwaka 1965 kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Sisi, kwa ushauri wa daktari, tulianza na 4,000.

Programu ile humwezesha mtu kumshirikisha amtakaye hesabu zake, nasi tulimshirikisha binti yetu. Ikaja wiki ya uvivu. Tukachelea lawama, tukamfunga saa mjukuu wetu wa miaka minane, tukamwambia aende akacheze mpira. Jioni zikasomeka hatua 14,000.

Simu ikalia. "Shikamoo, Baba. Mashaallah, leo umefika wapi?"

Kabla hatujajibu, mtoto akauliza kwa sauti, "Babu, na kesho niivae tena?"

Binti yetu akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Baba, mimi sina haja na hatua. Naogopa kupigiwa simu usiku kama tulivyopigiwa ya Ami."

Ndugu wasomaji, asubuhi ya siku ile tulikuwa tumemsomesha mjukuu huyo huyo ubaya wa uongo. Tulimwomba radhi binti yetu, tukamwita mtoto tukamwambia kwamba babu amekosea. Hilo lilikuwa zito kwetu kuliko kutembea.

Tangu hapo, baada ya sala ya alfajiri, twatoka na mke wetu hadi upande wa Kalundu na kurudi. Wapo walioshangaa kumwona sheikh akitembea mbio na mkewe. Tukawakumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), safari moja akashindwa, na safari nyingine akashinda. Sisi hatujashinda hata mara moja.

Sukari imeshuka kiasi, alhamdulillah, na dawa twaendelea nazo. Enyi akina mama, mkiwavisha wazee wenu saa hizi, msitosheke na kuzisoma hesabu kutoka mbali. Ulizeni nani ameivaa, na akiwepo wa kutembea naye, atembee naye.

Wabillahi tawfiq.